Manjanja ya Vagheni

Mwaka ule wa Corona, amri ilitoka kwamba ndani ya bureau ya polisi ya Bulengera asiingie mtu zaidi ya mmoja, na kasho, chumba cha mahabusu, ifungwe isipokuwa kwa kesi kubwa. Basi Inspekta Masika, aliyekuwa amehamishwa kutoka Beni, alitoa meza yake akaiweka uani. Wenye mashitaka walikaa mbalimbali juu ya matofali, kila mmoja na cache-nez, yaani barakoa, usoni, na ilibidi kila neno lisemwe kwa nguvu.

Asubuhi moja Vagheni, muuza mbao, alimleta mdogo wake Luc.

"Chef, huyu aliniibia manjanja, mabati yangu ya paa. Nilikuwa nataka kufunika nayo depot yangu ya mbao. Nilienda Kipese, kurudi sikukuta hata moja."

"Luc, ni kweli?"

Luc aliinama, akasema kitu kilichoishia ndani ya kitambaa.

"Siko nasikia. Sema kwa nguvu."

"Nilibeba, ndiyo."

"Ulipeleka wapi?"

Luc alimtazama kaka yake, kisha akawatazama akina mama waliongoja zamu. Zamani neno kama hilo lingesemwa ndani, mlango umefungwa.

"Kwa mama," alisema mwishowe. "Mvua iko inamunyeshea juu ya kitanda. Nilimuambia yaya, huyu kaka yangu, mara mingi."

Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha viazi aliguna. Vagheni aliinuka, akaisogelea meza.

"Chef, tuingie ndani tuongee kidogo."

"Ndani hapana ruhusa. Rudia pale kwa tofali yako, papa."

Alirudi. Alishusha cache-nez, akaipandisha tena. Masika hakumharakisha. Kusema kweli, hakujua aulize nini zaidi: wizi ni wizi, lakini ile nyumba iliyovuja aliifikiria pia.

"Ulipigilia na nini?" Vagheni aliuliza, akitazama chini.

"Misumari ya zamani."

"Ile itashika kutu. Kwa depot kuko mipya." Akamgeukia Masika. "Chef, mashitaka ninaondoa. Lakini angeniomba."

"Nilikuomba, yaya," Luc alisema.

Walitoka langoni wakiacha nafasi kati yao, kaka mbele, wakashika njia ya depot. Masika alinawa mikono kwenye ndoo, akamwita yule mama wa viazi.