Gati la Mbao za Kuazima

Viviane alikuwa akinunua samaki kwenye ziwa la Mwadingusha na kuwauza Shituru, kwa wake wa wafanyakazi wa kiwanda. Kaka yake Magloire alikuwa mvuvi hukohuko ziwani. Msimu wa mvua uliopita, ubao wa gati ulikatika chini ya miguu yake, kitunga cha samaki kikiwa begani. Alijigonga kwenye nguzo, akazama. Tangu hapo Viviane alitaka kitu kimoja tu: lile gati litengenezwe kabla mvua hazijarudi, lisimeze mwingine.

Basi iliposemwa kwamba jimbo limetenga fedha za magati ya wavuvi, na kwamba tume itapita kuona ni lipi limechakaa zaidi, alimshukuru Mungu kwa sauti, mbele za watu.

Kosa lilitokana na adabu. Floribert, mkubwa wa gati, aliwakusanya wote.

"Bageni banakuya," alisema. "Tutabapitisha kwenye mabao ya kuoza? Batasema siye iko batu ya namna gani?"

"Lakini Papa Floribert, banakuya kuangalia kuoza ile ile," Viviane alisema.

"Mama Viviane, weye mugeni akiingia kwako, unamuwekea chakula mu sahani ya buchafu, kusudi ajue kama uko maskini?"

Watu wakaangua kicheko. Hata Viviane alitabasamu kidogo.

Kila mtu akaleta alichokuwa nacho. Huyu alibandua mlango wa nyumba yake, yule akavunja kitanda. Alphonse, katekista, alitoa mabenchi ya kanisa. Viviane naye alileta meza yake ya sokoni, kwa sababu mwenye msiba hawanunii waliomzikia ndugu yake. Walipigilia misumari huku wakiimba, na gati likapendeza kuliko siku lilipojengwa.

Inzinieri wa tume, mhandisi aliyetumwa kukagua, alikuwa kijana mpole. Alitembea mpaka mwisho wa gati na kurudi, vigelegele vikimsindikiza.

"Kumbe!" alisema. "Batu balituambia gati yenu ilikufa."

Viviane akasogea mbele. "Mukubwa, ndugu yangu alikufia hapa."

"Hapa wapi, mama?"

Alimwonyesha. Palikuwa na ubao mnene wa benchi. Inzinieri akapanda juu yake, akakanyaga kwa kisigino, akakanyaga tena. Ubao haukutikisika.

"Pole sana, mama. Lakini hapa iko nguvu."

"Ni mabao ya kuazima, mukubwa. Tuliyapigilia juu ya kuya kwenu."

Inzinieri akamgeukia Floribert. Floribert akacheka kwa upole, kama anayemtetea mtoto.

"Musamehe, mukubwa. Angali na kilio."

Viviane aliwatazama wenzake, mmoja baada ya mwingine. Wengine waliangalia maji. Wengine walimwonea huruma, na huruma yao ndiyo iliyomnyamazisha.

Fedha zilikwenda kwenye gati jingine. Floribert mwenyewe ndiye aliyeleta habari. "Miye nilitaka tu tusipate haya," alisema, na wote walikuwa wametaka hivyohivyo.

Halafu wenye mbao wakaanza kuja kuzichukua. Nyumba haiwezi kukaa bila mlango, na aliyelala chini siku zote hizo alikuwa akikohoa. Viviane alimkuta Alphonse amepiga magoti pale pale Magloire alipozama, aking'oa misumari ya ubao wa benchi.

"Katekista, hii moja uiache."

"Mama, siku ya Mungu bazee basali bakisimama?"

Aliwafahamu wale wazee. Bibi Hélène, aliyemfunga Magloire kitambaa machoni siku ya mazishi, hakuweza kusimama hata wimbo mmoja.

"Shika huko, mama, lisianguke mu maji," Alphonse alisema taratibu.

Akashika. Wakauinua pamoja, na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kupiga maji ndani ya lile tundu lililofunguka chini yake.