Mwanya wa Mkaguzi

Fundi wa meno alianza na pua. Watu wengi hawajui kuwa meno ya bandia huchaguliwa kwa pua, na Mkaguzi naye hakujua, ingawa alikuwa amekagua shule maisha yake yote na kulikuwa na mambo machache asiyoyajua. Alikuwa ameegemea kwenye kiti karibu na dirisha, kitambaa cheupe kifuani, midomo imebonyea ndani kama mfuko uliotolewa vitu, akavumilia rula puani.

"Upana wa pua ndio upana wa meno ya mbele," fundi alimweleza. "Umbo la jino tunalitoa kwenye umbo la uso. Rangi tunalinganisha na ngozi na weupe wa jicho. Ukizidisha weupe, watu wataona meno kabla hawajakuona wewe."

"Sawa, mwanangu. Ila mimi nataka yaliyobanana. Pasipite hata uzi."

Kila aliyekuwa mdogo kwake kwa umri, Mkaguzi alimwita mwanangu: fundi, mlinzi wa getini, dereva, hata daktari aliyemng'oa meno ya mwisho. Lilikuwa neno lake, na watu walilipenda. Sasa shule moja ilikuwa imepewa jina lake, na picha yake ilikuwa itundikwe ukumbini, akiwa ametabasamu. Ndiyo maana alitaka meno haraka.

Fundi aliomba picha za ujana, kwa sababu picha ya ujana ndiyo shahidi bora wa meno. Mtoto wa kiume wa Mkaguzi alizileta ndani ya bahasha. Katika zote mzee alikuwa amefumba mdomo, isipokuwa moja, ambayo sehemu ya mdomo ilikuwa imekwanguliwa ikabaki karatasi tupu.

"Mende," alisema yule mtoto.

Fundi aliigeuza huku na huku. Macho yalikuwepo, tai ilikuwepo, kalamu mfukoni ilikuwepo. Walikuwa mende wachaguzi.

Picha zikikosekana, fundi hutazama ndugu, maana meno hurithiwa kama vidole na hasira. Alimkalisha yule mtoto kitini, akamfungua kinywa. Meno yalikuwa mafupi na mapana.

"Haya ni ya mama yako."

"Kila mtu husema hivyo."

Basi fundi akachagua kwa macho yake. Alitoa kwenye droo seti ya meno ya urefu wa wastani, rangi ya maziwa yaliyochemka, akayapanga jino kwa jino kwenye nta ya rangi ya waridi juu ya taya la plasta, yakabanana kama Mkaguzi alivyotaka. Kesho yake alipofungua karakana, meno mawili ya mbele ya juu yalikuwa yameachana. Kati yake palipita njiti ya kiberiti, fundi aliijaribu.

Alidhani ni joto, kwa sababu nta hulegea. Akayabananisha, akalihamishia taya kwenye rafu ya chini, palipo na ubaridi. Hakuwa amemaliza kuosha mikono yalipoachana tena. Alibadilisha seti, akabadilisha nta. Mwanya ulirudi mahali pale pale, upana ule ule. Alipovuta droo kutafuta meno mengine, aliona kuwa meno yote aliyokuwa ameyapanga yakitazama mbele yalikuwa yamegeuka. Yalielekea mlangoni.

Fundi alikuwa mtu wa kupenda kujua. Kitu kikivunjika hakukitupa mpaka ajue kimevunjikaje. Mlangoni palikuwa na muuza chai, mwanamke wa makamo, na jiko lake, benchi lake na sinia la vikombe. Fundi alimwomba ahamie upande wa dirisha. Kabla birika halijachemka, meno kwenye droo yalikuwa yameelekea dirishani. Alimwomba arudi mlangoni, yakarudi naye. Alimwomba azunguke nyuma, penye pipa la maji.

"Fundi, leo unanihamisha kama paka na watoto wake," alisema muuza chai, jiko mkononi. "Wateja wangu wanakunywa chai kwa mafungu. Kuna nini?"

"Meno yanakufuata."

"Meno gani?"

"Yote. Lakini ya yule mzee Mkaguzi ndiyo yaliyozidi. Nayaziba, yanafungua mwanya."

Muuza chai aliweka jiko chini. "Mwanya wa namna gani?"

"Hebu cheka," alisema fundi.

Alicheka kidogo, na fundi akachukua ile njiti ya kiberiti akaisimamisha mbele ya meno yake kwa mbali, kama anayepima nguo dukani. Alikuwa amekunywa chai ya mwanamke huyu miaka mingi, na mwanya wake alikuwa anaujua kama mtu anavyokijua kitasa cha mlango wake, bila kukitazama.

Wakakaa kwenye benchi, na muuza chai akamweleza. Mama yake alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni walipofikia maofisa wa serikali. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, alimwambia: baba yako ana mwanya kama huo wako. Ukimwona, mwamkie. Akikuitikia "marahaba, mwanangu," yamekwisha, usimtake kingine. Jina hakulitaja, alisema alimwapia mwenye jina kutolitaja, na kiapo ni kiapo.

Muuza chai alianza biashara stendi, lakini abiria hunywa chai wakitazama basi, midomo ikiwa kwenye kikombe. Akajaribu sokoni. Huko watu hufungua mdomo, ila kwa haraka mno. Ndipo alipofikiria mahali ambapo kila mzee atakayekuja lazima apanue kinywa na kukiacha wazi.

Fundi aliona ni akili nzuri.

"Tatizo," alisema muuza chai, "sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuja bila mwanya alioondoka nao."

Siku ya kujaribisha, Mkaguzi alikuja na mtoto wake pamoja na dada yake mkubwa, bibi aliyekuwa na meno yake yote na asiyemficha mtu jambo hilo. Yule mtoto alibaki garini na simu yake. Bibi alikaa kwenye stuli, akasema kuwa katika maisha yake hajawahi kulala mbali na meno yake hata siku moja.

Fundi alimvalisha Mkaguzi taya la nta lililobananishwa dakika hiyo hiyo, akamwomba ahesabu kuanzia sitini. Wagonjwa wote huhesabu kuanzia sitini, kwa sababu herufi ya s ndiyo hupima kama meno yamekaa.

"Sitini," alihesabu Mkaguzi, sauti ya ukaguzi ikimrudia. "Sitini na moja. Sitini na mbili."

Kabla hajafika sabini mwanya ulifunguka, na s zikaanza kutoka na mluzi mwembamba.

Bibi akapiga makofi. "Ndiyo hayo! Meno yako ndiyo hayo, mdogo wangu!"

"Kwetu hakuna mwanya," alisema Mkaguzi, kwa mluzi.

"Hakuna? Wewe uliyekuwa ukitema mate hapo unampata mjusi ukutani? Fundi, mwanangu, usimsikilize huyu. Mwanya alipewa bure na Mungu, akaenda kuutoa kwa koleo."

"Yalioza?" fundi aliuliza. Alitaka kujua.

"Yaoze wapi! Yalikuwa mazima kama kokoto. Kuna mwanamke alimletea kitoto cha kike ofisini, kimeota meno ya ukubwani. Wiki haikwisha, huyu akarudi nyumbani na pamba mdomoni."

"Dada."

"Haya, nimenyamaza. Nimenyamaza miaka yote hiyo, nitashindwa leo?"

Muuza chai alikuwa mlangoni na sinia. Mgonjwa akijaribishwa, ilikuwa desturi ya karakana kumpa chai vuguvugu, ili ajifunze kunywa akiwa na meno mapya. Alikuwa amesikia, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Akaingia, akaweka kikombe, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

Kwenye droo kulikuwa na mchakacho mdogo, kama wa mchele unaomiminwa mbali. Fundi alisimama na kioo mkononi. Mkaguzi alimtazama yule mwanamke mdomoni, kwa muda ambao mtu huitazama sahihi yake kwenye karatasi asiyotaka kuikumbuka. Meno ya nta yalijisogeza mbele kidogo kwenye midomo yake, naye akayarudisha kwa kidole gumba.

"Marahaba, mama," alisema. "Weka hapo hapo."

Muuza chai aliweka, ingawa alikuwa ameshaweka. Akakisogeza kikombe upande mmoja, kisha akakirudisha.

"Hebu cheka nikuone, mwanangu," alisema bibi.

Hakucheka.

"Basi," alisema bibi, akachukua kikombe kisichokuwa chake. "Chai yako nzuri. Sukari tu ndiyo umeificha." Akainywa yote akitazama nje.

Mwanamke alipotoka, Mkaguzi alitaka meno yabananishwe kwa njia yoyote. Fundi alimwambia ukweli wa kazi. Alikuwa amejaribu seti zote zilizomwenea pua, pamoja na mbili zisizomwenea. Angeweza kuchagua kati ya meno yenye mwanya na ufizi mtupu. Mkaguzi alifikiri kidogo, kisha akauliza kama mwanya haungemharibia picha.

"Watu huuita urembo," alisema fundi.

"Basi weka, mwanangu. Lakini kama wakiuliza, ni wewe uliyeuchagua."

Picha ilitoka vizuri. Ilitundikwa juu ya jukwaa la ukumbi, na walimu walisema mzee ana tabasamu la mtu mwenye roho nyeupe. Nakala moja alipewa fundi kwa shukrani, akaitundika karakanani karibu na kioo. Wateja wengine waliokuwa wakinywa chai nje walimuuliza muuza chai kama yule mzee pichani ni ndugu yake. Aliwajibu waulize kwa wenye picha.

Asubuhi iliyofuata sherehe ya kuitundika picha, muuza chai alipokuja kuwasha jiko, alikuta meno ya Mkaguzi kwenye sinia lake, katikati ya vikombe, yakiwa na vumbi la njia. Aliyaosha kwa maji ya vuguvugu. Fundi alikuwa amemwambia zamani kuwa maji ya moto huyapinda. Akayafunga kwenye kitambaa safi. Jua halijapanda sana, mtoto wa Mkaguzi akaja na gari.

"Mzee anasema huenda ameyasahau huku."

"Yapo."

Siku ya pili yalikuwepo tena, na ya tatu. Fundi alimwendea Mkaguzi nyumbani akayakagua, akakuta yamekaa vizuri, hayachubui wala hayachezi. Alishauri yawekwe kwenye kopo lenye mfuniko. Asubuhi kopo lilikuwa limefungwa na halina kitu. Alishauri mzee alale nayo, aliamka amebonyea. Fundi alishauri pia, kwa sababu alipenda kujaribu kila kitu, kwamba mzee aende mwenyewe mara moja akanywe chai pale mlangoni, aone kama yatatulia. Mkaguzi alisema miguu inamsumbua. Jioni ya siku hiyo alionekana akitembea kwenda posta na kurudi.

Ikawa mazoea. Muuza chai alianza kufika mapema kidogo, ayakute kabla ya wateja. Aliyaosha, akayaweka kwenye kisahani chenye ua dogo la bluu, kile ambacho hakukipa mteja. Kisha, kabla ya kutia maji birikani, alipiga goti kidogo mbele ya kisahani.

"Shikamoo, baba."

Meno hayana ulimi. Alisubiri kwa muda ambao mtu mwenye adabu humsubiri mkubwa amalize kutafuna, halafu akayafunga kwenye kitambaa.

Yule mtoto alikuja kila siku. Alikunywa chai yake kwa kusimama, simu mkononi, akasifu kuwa haipatikani chai kama ile. Hakuwahi kumtazama mwanamke mdomoni, kwa sababu hakuna anayemtazama muuza chai mdomoni.

"Mzee anashukuru sana, mama," alisema asubuhi moja, akipokea kifurushi. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi na angeweza kumwita dada.

"Msalimie."

Mtoto alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Akageuka, kwa kuwa alikuwa amelelewa kufikisha salamu vizuri.

"Nimwambie nani anamsalimia?"

Muuza chai alifuta sinia, akapanga vikombe mstari mmoja, masikio ya kushikia upande mmoja.

"Mwambie muuza chai."

Ndani, fundi alivuta droo kutafutia mgonjwa mwingine meno. Yote yalikuwa yameelekea mlangoni. Alikuwa ameacha kuyageuza siku nyingi. Sasa alisimama upande ule mwingine wa meza, akayachagua kutoka huko.