Moto wa Mashini Ndogo

Mume wangu Anaclet tulimzika mwezi wa tano. Msibani watu wa mtaa wetu wa Mikelenge walimsifu kwa baiskeli, kwa kuwa ndivyo walivyomjua, fundi wa baiskeli na vyerehani. Hakuna aliyetaja mashini ndogo. Nadhani nimebaki mimi peke yangu niliyeiona ikitembea, ndiyo maana naandika.

Wabelgiji walikuwa bado wanatawala. Anaclet alifanya kazi katika depo ya reli hapa Kindu, kazi ya tupa na jiliwa, kuchonga chuma mpaka kiingie mahali pake bila kupigwa nyundo. Mkubwa wake aliitwa Bwana Gérard, mzungu mpole asiye na mke. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na chumba chenye mashine ya kukerezea, iliyoletwa kutoka Ulaya vipande vipande. Humo alikuwa anajenga gari la moshi dogo, urefu wake kama mbwa aliyejinyoosha. Lilitakiwa lichemshe maji kwa moto wa kweli na kumvuta yeye mwenyewe, ameketi juu ya kibehewa, kuzunguka bustani. Kengele ya jioni ikilia deponi, wenzake Anaclet walirudi nyumbani. Yeye alivuka barabara kwenda kwa Bwana Gérard.

Mwanzoni alikwenda kwa furaha. Ni yeye aliyepanda juu ya mashini kubwa ya deponi, ile inayovuta treni, na kamba yake ya kupimia, akapima kila kitu, kisha akagawanya kwa kumi: magurudumu, milango, hata vichwa vya misumari. "Mama Claire," aliniambia akinawa mikono, "ile ni mutoto halali. Iko na kila kidole cha mama yake."

Halafu baba yake, mzee Tambwe, akaugua huko Kibombo.

Kibombo si mbali. Treni ilitoka Kindu asubuhi na kufika huko kabla jua halijazama, na mashini iliyoivuta ilikuwa imepita mikononi mwa Anaclet. Lakini mfanyakazi hakusafiri bila karatasi ya ruhusa yenye sahihi ya mkubwa wake, na polisi wa gare, pale stesheni, walimjua sura. Akaenda kuomba. Bwana Gérard alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, akamwambia, "Mashini ikizunguka bustani, wewe utaenda. Juma zima, hata mawili. Sasa tuko karibu sana, Anaclet. Usiniache sasa."

Ni kweli walikuwa karibu. Ilibaki kuwasha tu.

Siku ya kuwasha nilikuwepo, nimembeba mtoto wetu Claire mgongoni, nimesimama nje ya ua wa miti pamoja na Bulaimu, dereva wa treni ya Kibombo. Anaclet alipiga magoti, akaweka makala, makaa ya miti, akapuliza. Moto ulishika, ukawa mwekundu, kisha ukalala. Akawasha tena, ukalala tena. Alipogusa tumbo la mashini, maji yalikuwa ya vuguvugu.

"Si mbaya," Bulaimu alisema juu ya ua. "Yanafaa kuogesha mutoto. Mama Claire, mupe Claire aoge."

Anaclet hakucheka. Wiki nzima alitafuta kosa. Alilipata siku alipotia mdomo kwenye mrija mmoja na kuvuta pumzi: hewa haikupita. Ndani ya tumbo la mashini kubwa kuna mirija mingi inayopitisha moto katikati ya maji mpaka kwenye bomba la moshi. Naye alikuwa ameiweka yote ndani ya ile ndogo, hesabu ileile, kila mmoja umegawanywa kwa kumi, mpaka ukawa mwembamba kama unyasi. Vyuma vilikubali kupunguzwa. Moshi haukukubali.

Dawa ilijulikana: kung'oa mirija yote na kuweka michache iliyo mipana. Lakini Bwana Gérard alitikisa kichwa. Mashini ya kweli haiko hivyo, alisema, tutafute njia nyingine. Na kilichonikasirisha mimi ni kwamba Anaclet alikubaliana naye. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa ugonjwa mmoja.

"Nani atafungua tumbo lake aanze kuhesabu?" nilimwuliza.

"Hakuna."

"Basi."

"Mimi nitajua, mama Claire. Itakuwa kopo la maji lenye magurudumu."

"Na baba yako je?"

Alichukua kiti akaenda kukaa nje.

Wakajaribu njia nyingine. Walirefusha bomba la moshi, wakalirudisha. Walijaribu kuni za mti huu na makala ya mti ule. Mvua zikaanza, na Anaclet aliendelea kuvuka barabara kila jioni. Usingizini mikono yake ilikuwa inakwenda mbele na nyuma kama mtu anayepiga tupa. Asubuhi treni ya Kibombo ilipopiga filimbi alikuwa anaacha kutafuna, anangoja imalizike, ndipo anaendelea kula. Mimi nilianza kuichukia ile filimbi.

Bulaimu ndiye aliyekuwa akituletea habari za mzee kila aliporudi. Siku moja hakuleta mzaha.

"Haongei sana," alisema. "Uji anaukataa. Jana aliniuliza kama ungali duniani. Nikamwambia uko, unajenga treni ya panya."

"Akasema nini?"

"Akauliza kama panya wamelipa tiketi. Akacheka mpaka akakohoa." Bulaimu alitazama chini. "Fundi, ukikawia utakuta mukeka mutupu."

Kesho yake Bwana Gérard alikwenda kukagua njia upande wa kusini. Anaclet akalipasua tumbo la mashini. Aling'oa mirija aliyoichonga mwenyewe, akaitupa katika ndoo, akaweka mipana, akaunga upya, akajaza maji ya baridi kwa nguvu ya pampu kuona kama yanavuja. Hayakuvuja. 

Bwana Gérard aliporudi, moto ulishika na haukulala. Mshale wa saa ya kupimia mvuke ulipanda. Mashini ilitema maji, ikatetemeka, ikaondoka, na yule mzungu mrefu akaketi juu ya kibehewa, magoti yamefika mashavuni, kofia ameikumbatia, akazunguka bustani. Alizunguka tena na tena. Machozi yalimtoka. Hakuuliza juu ya mirija, wala wakati ule wala baadaye.

Alipoteremka, Anaclet aliomba karatasi yake.

"Ndiyo," Bwana Gérard alisema. "Ndiyo, hakika. Lakini nimewaalika wageni, jumapili ya mwisho wa mwezi. Nani atawasha moto? Mimi siwezi, umeona. Baada ya wageni, Anaclet. Nimekuahidi."

Asubuhi iliyofuata Anaclet hakwenda depo. Alivaa koti la kazi, akajipaka masizi usoni, akapanda mashini ya Bulaimu kati ya wachochea moto, akatupa kuni katika tanuri mpaka Kibombo. Polisi wa gare waliona mtu mweusi kwa masizi kati ya wenzake, wakageuka upande mwingine.

Alimkuta mzee hai. Aliniambia baadaye kwamba walikaa nje mchana kutwa, mzee ameegemea ukuta, akitaka kuelezwa mashini ndogo kila kitu: inakula nini, inakunywa nini, inalia namna gani. Anaclet alimweleza. Alipofika kwenye mirija, mzee alimkatiza. "Kwa hiyo ulilia juu ya mirija?" Anaclet akasema ndiyo. Mzee akamshika sikio kama mtoto na kulivuta, akamwambia amletee uji.

Siku ya tatu askari walikuja kumchukua. Kuacha kazi bila ruhusa kulikuwa kosa, na alihukumiwa miezi miwili boloko, gereza la hapa Kindu, kazi deponi ikafutwa. Bwana Gérard hakumshitaki yeye mwenyewe. Nasikia alisema hajui lolote. Nampa haki yake.

Siku hizo wazungu waliweza kuomba wafungwa wa kufyeka majani na kuzibua mifereji kwenye nyumba zao. Jumapili ya wageni nilipita nyuma ya ua wa Bwana Gérard kwa sababu Bulaimu alikuwa ameniletea neno kutoka Kibombo asubuhi ile, nami nilijua nani ataitwa kuwasha moto. Nikamwona Anaclet. Alikuwa na nguo za mfungwa, amepiga magoti mbele ya mashini, anapuliza, na polisi amesimama nyuma yake, ameinama kidogo ili aone. Wageni walishika glasi zao. Mwanamke mmoja alikuwa akisubiri zamu, ameinua gauni lake lisichafuke.

Moto ulipokolea, Anaclet alikuja kuchukua makala karibu na ua. Polisi alimfuata, akaniona, akatazama pembeni.

"Baba amezikwa ijumaa," nilimwambia.

Alisimama na kikapu chake.

"Nani alitupa udongo wa kwanza?" Hiyo ni kazi ya mtoto wa kwanza wa kiume, na ndiye yeye.

"Ndugu yako Florentin. Alisema anatupa kwa mukono wako."

Claire, mgongoni mwangu, alikuwa amemwona, akaanza kumnyooshea mikono kupitia majani. Anaclet alimpa kidole, akakishika.

"Anaclet," Bwana Gérard aliita kutoka bustanini, kwa upole kama kawaida yake. "Moto unashuka."

"Twende," polisi alisema.

Mtoto hakutaka kuachia. Nilimfungua vidole mimi. Anaclet akarudi, akapiga magoti, akafungua kile kimlango, akaingiza makala moja moja, bila haraka. Yule mwanamke akapanda, mashini ikaondoka.