Mgongo Uliomkosa Kidege

Kidege alikuwa anakaribia kutimiza miaka mitatu, na kwa mwaka mmoja na nusu mama yake hakuwa amembeba mgongoni hata mara moja. Si kwamba hakutaka. Alitaka mpaka mikono ikamuwasha. Akiwaona wanawake wakipita mbele ya kibanda chake cha ushonaji, mtoto kalala mgongoni, shavu limebonyea, aliacha kukanyaga cherehani akawasindikiza kwa macho mpaka wapinde kona. Kisha akarudi kwenye kola ya sare ya shule aliyokuwa anaishona, kama vile hakuna kilichopita.

Kilichomkosesha raha ni kwamba mtoto alikuwa anakua. Kila akimpima gauni jipya, anakuta miguu imerefuka, na moyo unamwambia: huyu anakupita hivi hivi unamtazama.

Mumewe, mchomeleaji wa mageti, naye aliwahi kuumwa mgongo. Wake ulianza baada ya wa mkewe, ukatibiwa kabla. Siku ulipombana alipiga ukelele majirani wakadhani nyumba inaungua. Mwezi wa pili tangu siku hiyo akawa ameshapasuliwa, na wa tano yuko kwenye mageti yake anapiga mluzi. Katikati hapo mkewe ndiye aliyemwogesha, akamvisha soksi, akamshika kiuno kumpeleka msalani, huku mguu wake mwenyewe wa kushoto ukifa ganzi kimya kimya. Watu wakimuuliza, jibu lake lilikuwa moja tu: "Mimi? Afadhali kidogo."

Mara tatu alikwenda kliniki ya mgongo, mara tatu akarudishwa na vidonge na karatasi ya mazoezi. Mara ya nne mumewe akafunga karakana akaenda naye, Kidege akiwa juu ya mabega ya baba yake.

Muuguzi akampa fomu ile ile ya siku zote. Maswali kumi, kila moja na visanduku viwili: naweza, siwezi. Kufua. Kufagia. Kunyanyua ndoo ya maji. Kuokota kitu sakafuni. Kusimama nusu saa. Mama Kidege akashika kalamu, akatia alama upesi upesi kama anayehesabu vifungo. Naweza, naweza, naweza.

Muuguzi akaipitia, akavua miwani. "Mama, kwa fomu hii wewe ni mzima kuliko mimi. Daktari atakupa vidonge tena."

"Lakini naumwa, dada."

"Umeandika unafua."

"Si nguo zinafuliwa? Nisipofua mimi atafua nani?"

Mumewe akakohoa. "Mimi niliandika siwezi. Zote kumi."

Muuguzi akamgeukia. "Na kabla hujaumwa, baba, ulikuwa unafua?"

"Hapana," akasema mume, mkweli kabisa. "Lakini fomu haikuuliza kabla."

Muuguzi akacheka mpaka akashika meza. Mama Kidege naye akacheka, kisha kicheko kikamshukia kiunoni, akanyamaza ghafla na kukamata ukingo wa kiti. Hapo muuguzi akaacha kucheka.

"Hebu niambie unavyofua," akasema taratibu. "Usiniambie kama unafua. Niambie unavyofua."

Ikabidi aseme. Anafua amepiga magoti, beseni liko juu ya kigoda. Ndoo haibebi; anahamisha maji jagi kwa jagi. Kitu kikianguka anakiokota kwa vidole vya mguu wa kulia, maana wa kushoto hausikii. Jikoni anasimama tumbo kaliegemeza mezani. Cherehani anaikanyaga kwa mguu mmoja. Soksi zake, ameacha kuvaa soksi.

"Na mtoto?"

Akatazama fomu kama anayetafuta mahali pa kujibia. "Mtoto hakuna aliyewahi kuniuliza. Mtoto simbebi."

Mumewe alikuwa amesimama tu, ameshika vifundo vya miguu ya Kidege. "Kumbe jagi kwa jagi," akasema. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umelala kifudifudi, Baba Kidege. Ningekuambia ili iweje, uamke uniogeshe?"

"Safari hii nitakuogesha. Na kufua nitafua."

"Wewe? Kwa mikono hiyo ya mageti, nguo zitatoka zina madoa ya kutu."

"Basi zitatoka na kutu."

Muuguzi akaleta fomu mpya. Siwezi ya kwanza ilimchukua muda mrefu. Alijiona kama anajisingizia, kama mvivu anayetafuta udhuru. Ya pili ikawa nyepesi kidogo. Alipofika ya kumi machozi yalikuwa yamelowesha karatasi, na muuguzi akajifanya anapanga mafaili.

Daktari alimwambia anyanyue vidole vya mguu wa kushoto. Havikunyanyuka. Akampeleka kupigwa picha ya uti wa mgongo, akaitazama, akaguna. Kuna neva imebanwa siku nyingi, akasema, apasuliwe baada ya wiki tatu. Maumivu yangepungua, ila mguu asingeweza kuuahidi wote, kwa jinsi walivyochelewa. Na baada ya hapo, nusu mwaka asinyanyue kitu kizito.

"Mtoto je?"

"Mtoto ni mzito, mama."

Akapiga hesabu kichwani. Nusu mwaka, na wiki tatu. Kidege atakuwa na miguu ya kuning'inia mpaka magotini, atakuwa anataka kukimbia, hatataka tena kubebwa. Akaishika kalamu, akatia sahihi ya kukubali kupasuliwa.

Nje kwenye ukumbi mumewe alimwona uso. Akamshusha Kidege mabegani.

"Geuka," akasema.

"Nigeuke niende wapi?"

"Geuka tu, shika ukuta."

Akageuka. Mumewe akamnyanyua mtoto kwa makwapa, akamlaza kwenye mgongo wa mama yake, uzito wote ameubeba yeye mikononi. Kifua kidogo chenye joto kikatulia katikati ya mabega, mikono miwili ikamzunguka shingo, na pumzi yenye harufu ya biskuti ikamwingia sikioni.

"Mama, twende," Kidege akasema.

"Subiri kwanza, mwanangu." Watu walipita, wakatazama, wakaendelea na zao. "Na mgongo wako, Baba Kidege?"

"Wangu ulishapasuliwa. Nyamaza."

Mikono ya mumewe ilikuwa imeanza kutetemeka. Aliisikia kupitia mwili wa mtoto. Akafumba macho.

"Kidogo tu," akasema. "Usimshushe bado."