Mawese kwenye Kitambaa cha Altare

Akina mama wa kigango chetu hapa Bangwe walijua kwamba kitambaa cha altare nakifua mimi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nampa Mama Audace akifue, halafu mimi nakipeleka kanisani na kupokea sifa za weupe wake. Sikuwahi kumsahihisha mtu. Siku kilipoingia doa ndipo nilipokumbuka kuwa kuna mfuaji.

Mama Audace, jina lake Ndayikunda, ni mama wa Kirundi wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa anafua kwangu na kwa wenzangu wa jumuiya, Leonia na Domitila, na mikono yake ndiyo iliyokuwa inamlisha. Mimi naitwa Catherine, ni mwalimu, nilihamishiwa Kigoma kutoka Singida miaka minne iliyopita. Mdomo nilikuja nao.

Ijumaa jioni nilisogelea kapu wazi la nguo alizoleta asubuhi, nikakuta doa la mawese katikati ya kitambaa, kubwa kama sahani, na nywele nyeupe chache zimenata humo. Nywele sikuzijali. Nilimwita. Alilitazama doa, akasema halikuwepo wakati anakileta. Akaomba nimwachie kitambaa siku mbili: atakipaka sabuni ya mche, atakitandaza juani kikiwa na povu lake, maana rangi ya mawese huondolewa na jua. Nikamkatalia. Niliona kwamba anayejua vizuri hivyo kulitoa ndiye aliyelitia. Nikakiloweka mwenyewe kwenye dawa ya madoa ya dukani. Asubuhi doa lilikuwa palepale, limepauka tu kama chai ya maziwa.

Jumamosi jumuiya ilisali nyumbani kwa Domitila. Ulipofika wakati wa maombi, nikafumba macho nikasema, kwa sauti ya upole kabisa, tumwombee dada yetu Mrundi aliyechafua kitambaa cha altare, ili Mungu ampe moyo wa kukiri. Wote wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Mama Audace alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, karibu na mlango. Naye aliitikia.

Kama ningemsema sokoni, mtu angeweza kunibishia. Sala nani ataibishia? Kufikia jioni Leonia alikuwa amemwambia asije tena kufua, na Domitila vilevile.

Jumapili mchana paka wangu, Pamba, akarudi. Tangu Ijumaa sikuwa nimemwona, nami nilidhani anazurura kama kawaida yake. Ni mweupe wote, ndiyo maana ya jina, lakini siku hiyo ubavu wake wa kushoto, kuanzia begani hadi pajani, ulikuwa rangi ya chungwa.

Nikakimbilia jikoni. Chini ya meza lilikuwepo bakuli la mawese niliyokaangia migebuka, samaki wa mwalo wa Katonga, Ijumaa mchana. Halikuwa na kifuniko. Nywele nyeupe zilikuwa zimeganda ukingoni, na kapu la nguo lilikuwa hatua mbili kutoka pale. Basi aligaagaa humo, kisha akaenda kulala juu ya kitambaa cha Bwana.

Nilisikia aibu hadi masikio yakawaka moto. Na katika aibu hiyo wazo la kwanza lililonijia halikuwa la kwenda kwa Mama Audace. Lilikuwa la kumwosha paka kabla mtu hajamwona.

Nilimpeleka uani, nikampaka unga wa muhogo unyonye mafuta, nikachukua beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni. Alinikwaruza mikono yote miwili. Bega lilikuwa limeanza kung'aa, nami naanza na paja, niliposikia mtu ananisalimu nyuma yangu. Mama Audace alikuwa amesimama na shuka zangu za mwisho kichwani, zimepigwa pasi. Alimwangalia paka.

"Usimwoshe, Mwalimu," alisema. "Huyo ndiye shahidi wangu."

Nikaiweka sabuni chini. Nikamuuliza kama alikuwa anajua. Akasema nywele aliziona palepale Ijumaa, akataka kunionyesha, lakini nilikuwa naongea mimi tu. Hakusema kwa hasira. Ningefarijika kama angenitukana.

Nikamwomba msamaha. Akatua shuka, akaniambia kwamba kwake yeye yameisha, ila hakuchafuliwa jina hapa uani, bali mbele ya watu. Kisha akauliza kitambaa kiko wapi. Akakipaka sabuni ya mche, akakitandaza juu ya majani penye jua kali, huku mimi namfunga Pamba kwenye khanga, ubavu wenye mawese ukiwa nje.

Tukaondoka kwenda kwa Leonia, mimi mbele na paka wangu analia, Mama Audace nyuma. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kujipunguzia: nilikuwa nimechoka, kulikuwa na giza, nani angefikiria paka. Leonia alipofungua mlango, Domitila alikuwa amekaa ndani, anachambua dagaa. Maneno yote hayo yakanipotea.

"Doa ni la huyu," nilisema. "Na bakuli niliacha wazi mimi. Na kitambaa kile sijawahi kukifua hata siku moja. Ni Mama Audace anayekifua."

Leonia akamwangalia paka, akaniangalia na mimi. "Sasa jana mbona ulituombesha Mungu ampe moyo wa kukiri?"

Nilikazana kumtazama paka.

Mama Audace ndiye aliyejibu, kutoka nyuma yangu, taratibu kama alivyoitikia jana yake mlangoni.

"Mwacheni," alisema. "Mungu ameisikia sala ile."