Hapa Hapanyooshwi

Siku lile gari lilipoburutwa mpaka uani, Sindano alilitemea mate kwanza, ndipo akawaambia wanaume wafungue kamba.

"Sasa mama watoto," mumewe akasema, mikono kiunoni, "umelinunua ili ulitemee mate? Si ungelitemea kulekule kwa muuza vyuma chakavu, bure?"

"Kule wangelikatakata. Mimi nataka lioze mbele ya macho yangu. Polepole."

"Haya. Wenzako hununua makochi."

Sindano alikuwa fundi wa viti vya magari. Jina alilipata kwa kazi yake, likamganda kwa ajili ya ulimi wake. Mumewe, Nyundo, alikuwa mnyoosha bodi. Karakana yao ilikuwa hapohapo nyumbani: cherehani barazani, nyundo na tindo na mitungi chini ya kibanda cha uani, na harufu ya rangi hata kwenye mito ya kulalia.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la mbio, la zamani hasa, la viti viwili na paa la turubai la kukunja. Pua yake ilikuwa ndefu kama ya mtu anayenusa yasiyomhusu, na taa zake mbili za duara zilitoa macho kana kwamba limefumaniwa. Panya walikuwa wamelila paa. Kwenye kiti cha dereva kuku walikuwa wametagia. Kutu ilikuwa imetafuna sakafu hivi kwamba ukikaa ndani unaona udongo chini ya miguu yako. Hata hivyo, mtu yeyote mjini mwenye mvi angelitambua akiwa ng'ambo ya barabara. Lilikuwa gari la Mkurugenzi wa kiwanda cha sabuni.

Mkurugenzi yule alikuwa na neno moja tu mdomoni: nitawanyoosha. Ukichelewa, atakunyoosha. Ukiomba ruhusa ya kumzika mama yako, atakunyoosha kwanza, mama atasubiri. Nyuma ya mgongo wake walimwita Bwana Nyoosha. Mbele yake waliinama, maana alipenda kuona visogo.

Na waliomba nini, watu wale? Glavu. Soda ya kuchemshia sabuni ilikuwa ikiwala vidole mpaka mtu hawezi kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, anafungiwa na mkewe kama mtoto. Kiwanda kilichouosha mji mzima kilishindwa kununua glavu! Walipochoka kuomba waligoma, na aliyesimama mbele yao getini, mikono yote miwili imeshika chuma nyuma yake, alikuwa kaka yake Sindano. Wenzake walimwita Komeo, kwa sababu akisimama mlangoni hapiti mtu.

Mkurugenzi alikuja na gari hilihili, paa limekunjwa, miwani myeusi usoni. Akapiga honi mara moja. Kisha akakanyaga mafuta.

Wakati huo Sindano alikuwa msichana wa shule, amemletea kaka yake chakula cha mchana. Aliona kwa macho yake. Aliona taa ya kushoto, aliona goti la kaka, akasikia mlio kama wa debe lililojaa likiangushwa. Jioni ikatangazwa kwamba mfanyakazi mmoja, akiwa amelewa, ametumbukia mtaroni na kuvunjika mguu. Komeo! Mtu ambaye harufu ya pombe tu ilimtapisha!

Gari likapotea siku kadhaa. Liliporudi lilikuwa linang'aa kama kucha. Mkurugenzi akaliegesha palepale getini, akaamuru wafanyakazi wapange mstari, wapite mmojammoja.

"Nani anaona alama?" akasema. "Aje anionyeshe!"

Wakapita. Wakatazama. Hakuna alama. Mmoja baada ya mwingine aliinamisha kichwa, akaingia ndani kwenye soda, mikono mitupu. Tangu siku hiyo Komeo hakuitwa tena Komeo. Aliitwa Chupa. Kazi alifukuzwa, mguu ukaunga vibaya, na kila alipopita akichechemea watoto waliiga mwendo wake wakijifanya wanayumba. Na yule msichana aliyeng'ang'ania kwamba ameona, palepale, chini ya taa ya kushoto? Alichapwa shuleni kwa kuwazulia wakubwa.

Kwa hiyo mate yale yalikuwa yamekaa mdomoni muda mrefu.

Tatizo lilikuwa Nyundo. Nyundo alikuwa na ugonjwa: hawezi kuona bati limejikunja akapita bila kuligusa. Alianza kwa kusema analitazama tu. Kisha akafungua boneti, atazame tu. Kisha Sindano akamkuta amelala chini yake, miguu ndiyo iko nje, anamwaga mafuta kwenye injini iliyokwama na kuibembeleza kwa maneno ambayo mkewe hakuyasikia tangu walipokuwa wachumba.

"Baba watoto, tulikubaliana lioze."

"Litaoza, mke wangu, litaoza. Ila injini hii haina kosa. Injini haikumgonga mtu."

Sindano akageuka aende zake. Akasimama. Wazo lilimwingia, likakaa: aliyegongwa na gari hili ndiye atakayeendeshwa ndani yake, tena kwenye kiti ambacho Bwana Nyoosha hakuwahi kukiota. Akatoa ngozi nzuri kuliko zote alizokuwa ameficha kabatini, akaanza kushona. Alishona kwa hasira, kama mtu anayeushona mdomo wa mtu.

Mwezi ukaingia, mwezi ukatoka. Sakafu ikakatwa na kuwekwa mpya, injini ikakohoa, ikapiga chafya, ikanguruma majirani wakatoka nje. Nyundo akaanza kukwangua rangi. Mafundi wa kazi yake, kabla ya kukwangua, hupitisha sumaku juu ya bodi: palipo na bati sumaku hunata, palipofukiwa kwa pati, ule udongo wa kopo wa kuzibia mabonde, sumaku huanguka. Asubuhi hiyo Sindano alikuwa barazani, uzi mdomoni, akasikia sumaku ikidondoka sakafuni. Ikadondoka tena.

"Mama watoto," Nyundo akaita. "Hebu njoo. Kuna mhuni alipita hapa kabla yangu."

Ilikuwa madigadi ya mbele, lile bati la juu ya gurudumu, kushoto, chini ya taa.

Sindano alichukua tindo kutoka mkononi mwa mumewe, akapiga mwenyewe. Pati ikapasuka, ikabanduka vipande vinene kama maganda ya ukuta mbovu. Chini yake bati lilikuwa limeingia ndani, bonde la mviringo, lenye kina cha ngumi.

Nyundo akapitisha kidole. "Huyu hakunyoosha," akasema kwa dharau. "Alifukia tu. Akapaka rangi juu. Kazi ya aibu."

"Sema tena."

"Nini?"

"Hakunyoosha. Alifukia."

"Ndiyo nasema hivyo."

Sindano akacheka, kicheko kibaya, kisha akatuma mtu amwite kaka yake.

Kaka alikuja na fimbo yake. Hakuna aliyemweleza kitu. Alilizunguka gari, akafika kushoto, akasimama. Kisha akasogeza mguu ule mbovu mbele, taratibu, akaliweka goti ndani ya bonde. Likaingia kama yai kwenye kikombe.

"Kumbe nilikuwa mzito hivi," akasema.

Nyundo akacheka kidogo, akajikuta anacheka peke yake.

"Mdogo wangu," kaka akasema bila kumtazama dada yake, "nikwambie kitu? Wameniambia mara nyingi mno. Nilikuwa nimeanza kujiuliza kama kweli sikunywa."

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma Sindano kuliko mguu, kuliko kipigo cha shuleni. Wamemvunja goti, sawa. Lakini kuingia mpaka ndani ya kichwa cha mtu, wakamtolea humo siku yake mwenyewe, wakaweka ya kwao! Alichukua chaki ya kukatia ngozi, akaandika juu ya madigadi kwa herufi kubwa: HAPA HAPANYOOSHWI.

Habari za gari zima hazifichiki. Haukupita muda, akaja kijana wa Mkurugenzi. Baba alikuwa amefariki, na sasa Mkurugenzi alikuwa yeye, maana viti vile watu hurithishana kama pua. Alikuja na viatu safi, akiruka madoa ya mafuta.

"Shikamoo mama. Kazi nzuri sana hii, fundi. Baba alilipenda gari hili mpaka mwisho." Kiwanda, akaeleza, kinajiandaa kwa sherehe ya kutimiza miaka yake. Wamejenga jukwaa dogo getini, na maua. Gari likae pale juu. "Ni historia yetu sote."

"Sote?" Sindano akauliza.

"Sote, mama."

Akataja bei, na bei ile ilikuwa ya kumtoa mtu ulimi. Kisha akainama, akasoma chaki, akatabasamu. "Hapa mtapanyoosha, bila shaka?"

"Kazi ya asubuhi moja, bosi," Nyundo akajibu kabla hajafikiri.

"Basi asubuhi ya sherehe naleta lori." Akaondoka.

Sindano alisubiri mlango wa uani ufungwe.

"Bosi? Bosi wako yule? Tangu lini?"

"Mke wangu, sikiliza..."

"Kaka yangu ameliweka goti lake ndani ya bonde hilo, mbele yako, na wewe unasema asubuhi moja!"

"Pesa ile ingeezeka nyumba. Halafu si pesa tu. Gari litoke kwa Nyundo na bonde usoni? Watu watasema mzee macho yamekwisha. Nina jina langu, mama watoto."

"Na yeye hakuwa na jina?"

Nyundo akaokota sumaku, akaifuta kwa shati.

"Ukipiga nyundo pale," Sindano akasema, "utalala na hilo gari."

"Kwa viti ulivyovishona, nitalala vizuri."

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo aliingia ndani, akabamiza mlango, na chakula kila mtu alijipakulia.

Asubuhi chache zilizofuata hawakusemeshana. Kisha siku moja Sindano, akiwa anakata ngozi, akasikia nyundo. Ko, ko, ko. Bati la mbele, alijua kwa mlio. Akatoka mbio, mkasi mkononi, miguu peku. Akamkuta mumewe amechuchumaa mbele ya gari, nyundo juu.

Upande wa kulia.

"Teremsha mkasi, mwanamke. Kushoto sijagusa." Nyundo akafuta jasho. "Nimelikalia lile bonde kutwa mbili nalitazama. Unajua kwa nini fundi wao alifukia? Hakuwa na mkono. Angenyoosha vibaya, kovu lingebaki. Sasa mimi nikinyoosha, kovu halibaki. Hata sumaku haitajua. Shemeji atakuwa mlevi mpaka siku ya mwisho, na mlango nitakuwa nimeufunga mimi." Akageukia bati lake. "Ndiyo maana sinyooshi. Lakini rangi nitapiga, na nitapiga mpaka ndani ya bonde, vizuri, ili asije mtu akasema ni uchakavu."

Sindano alisimama pale na mkasi wake. Hakuomba radhi. Alikwenda jikoni, akampakulia chakula, akakileta.

Asubuhi ya sherehe hawakulisubiri lori. Sindano alishika usukani, kaka akakaa pembeni yake kwenye ngozi mpya, fimbo kati ya magoti, na Nyundo akajibanza nyuma ya viti, magoti mdomoni, kitambaa cha kung'arishia mkononi. Gari lilikuwa jekundu, linameremeta lote, na chini ya taa ya kushoto mwanga wa jua ulipofika ulizama.

Getini kulikuwa na hema, maua, vipaza sauti na jukwaa tupu. Wazee waliofanya kazi zamani walikuwa wameitwa wakae mstari wa mbele, wamevalishwa fulana zenye nembo ya sabuni, kama mapambo. Sindano hakuelekea jukwaani. Aliegesha palepale ambapo Bwana Nyoosha aliegesha siku ile, akapanda juu ya kiti, mikono mdomoni.

"Nani haoni alama?" akapaza sauti. "Aje nimwonyeshe!"

Wazee wakageuka wote kwa pamoja. Maneno yale waliyajua.

Kijana wa Mkurugenzi akaja haraka, tabasamu limeshonwa usoni. "Mama, si tulikubaliana hapa pangenyooshwa?"

"Baba yako alisema hapa hapana kitu. Pasipo kitu utanyoosha nini?"

"Mama, tafadhali. Wageni wanatazama."

"Watazame. Ndiyo maana nimelileta."

Kijana akawaashiria walinzi walisukume gari kando. Walinzi wakapiga hatua, wakakuta hawana pa kupita. Mzee mmoja alikuwa ameinuka. Nyuma yake mwingine. Hakuna aliyewaamuru, mstari ulijipanga wenyewe. Yule wa kwanza alikuwa na vidole ambavyo havikukunjika tena. Alikiweka kiganja chake ndani ya bonde, akakiacha hapo. Nyundo, aliyekuwa ameshuka, aliinua kitambaa ili afute, kisha akakirudisha mfukoni.

"Mimi nilipita hapa," mzee akasema. "Nikasema sioni."

Akainua macho kwa yule aliyekaa ndani ya gari.

"Komeo," akaita. "Komeo, shuka basi tukusalimie."

Kaka akageuza kichwa kwa jina lile.

"Sishuki," akasema. "Pitieni hukohuko kwenye alama, mmojammoja, kama mlivyopita siku ile. Mkimaliza, tutasalimiana."

Sindano akaketi, akazima injini, akavuta breki ya mkono.