Sakafu Iliyotaka Kukanyagwa

Jumatatu asubuhi msanifu alikuwa juu ya mkwaju, kamba kiunoni, akipitisha mkono kati ya mbao za sakafu na shina la mti. Mti hunenepa kama mtu aliyehamia kwa mama mkwe anayejua kupika. Nyumba isiyouachia nafasi, mvua mbili tatu tu sakafu inapasuka. Mkono ulipita bila kukwaruzwa. Akashusha pumzi, akawapungia mafundi waliokuwa chini wakipiga msasa vipandio vya ngazi.

Alikuwa ameshachora nyumba nyingi za juu ya miti, lakini hii ilikuwa ya kwanza ndani ya hoteli ya kitalii, na kubwa kuliko zote. Ilikuwa na chumba cha kulala, bafu la maji ya moto na baraza lililozunguka shina lote, kwa ajili ya wageni wanaotaka kulala kama ndege bila kuoga kama ndege. Hakuna msumari hata mmoja uliogusa mti. Kila kitu kilishikwa kwa kamba na kabari, na upepo ukivuma nyumba na mti vilitikisika pamoja, bila ugomvi.

Kilichobaki ni kukanyaga. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake tangu zamani, alipokuwa hana hata meza ya kuchorea. Sakafu ikishamalizika, ndugu wa mafundi wote huitwa, mashangazi, wajomba, mashemeji wenye vitambi, wakapanda na kucheza muziki. Msanifu hubaki chini, sikio kwenye shina, akisikiliza. Ubao ukilia, fundi mkuu hupanda kuutuliza. Fundi huyo walimwita Randa, kwa sababu hata harusini kwake mwenyewe alikwenda na randa, akasawazisha meza ya maharusi kabla ya kukaa.

Wa mwisho kupanda huwa mama yake msanifu. Huizunguka sakafu peke yake, husimama katikati, huruka mara moja, kisha husema, "Inabeba." Mpaka neno hilo litoke, msanifu hapati usingizi wa maana.

Basi akaenda kwa meneja kuomba siku ya kukanyaga.

"Ndugu wa wafanyakazi hawapiti getini," meneja alisema, akimsogezea sahani ya biskuti. Alikuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti hata kwa mbu. "Si mimi, dada yangu. Ni masharti ya hoteli. Tukiruhusu mashangazi leo, kesho watakuja na mabinamu."

"Hao mabinamu ndio ninaowataka. Wazito."

"Tutatumia mifuko ya mchanga."

"Mchanga hauchezi."

"Tunashukuru haunywi soda za wageni pia. Chukua biskuti."

Akachukua biskuti, kwa kuwa kazi aliipenda na kubishana na mtu mpole ni kama kupigana na mto wa kulalia. Jioni alimkuta mama yake sebuleni akikunja nguo.

"Mama, safari hii hamtakanyaga. Hoteli imekataa."

Mama aliendelea kukunja. "Mwanangu, magoti haya yamebakiza ngazi moja tu. Shangazi yako amehamia ghorofani, nimemwambia ashuke yeye anisalimie chini. Ngazi yangu nimeitunza kwa ajili ya hiyo nyumba yako."

"Najua, mama."

"Sasa nitaipanda wapi? Kabatini?"

Walicheka, maana kicheko cha mama hakikataliki, lakini msanifu aligeuka haraka kuweka nguo kwenye kapu. Ilimuuma. Mtu aliyemfundisha kutembea angeijua nyumba hiyo kwa kusimuliwa tu.

Mifuko ya mchanga ilipandishwa, ikakaa ilipowekwa, ikashushwa. Mfuko wa mchanga hauna maoni. Meneja aliridhika, hoteli ikaipokea nyumba, na wageni wa kwanza wakaingia: mwalimu mstaafu na mkewe, watu wa chai na vitabu vinene, ambao watoto wao walikuwa wamewachangia likizo.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, mkwaju uling'oa mizizi yake mmoja mmoja, ukaikung'uta udongo na kuikunja juu kidogo, kama mtu anayepandisha suruali kuvuka dimbwi. Kisha ukaanza kutembea. Mwalimu alikuwa barazani na kikombe chake. Chai haikumwagika.

"Tunakwenda wapi?" mkewe aliuliza kutoka ndani.

"Sijui, lakini tunakwenda vizuri," mwalimu alijibu, akafungua ukurasa mwingine.

Mlinzi wa getini aliyajua masharti ya hoteli kwa moyo. Ndugu, hapana. Wachuuzi, hapana. Mbwa, hapana. Miti haikutajwa. Akawauliza wageni kama wangerudi kabla ya chakula cha jioni, wakasema wanatumaini hivyo, akawapigia saluti. Mkwaju ulikuwa mpana kuliko geti, kwa hiyo ulivuka juu ya ukuta, ukaangusha vigae viwili vitatu. Barabarani ulisubiri lori la kokoto lipite.

Ng'ambo ya barabara ndiko mafundi walikopanga vyumba, na msanifu na mama yake pia. Mti ulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kiwanja cha bombani, palipokuwa na tope zuri, ukatumbukiza mizizi na kutulia. Watu waliokuwa kwenye foleni ya maji walisogeza ndoo zao kuupisha.

"Aa, umekuja," Randa alisema mlangoni kwake, akarudi ndani kuchukua randa.

Msanifu alikuwa akianika mashuka. Alimaliza lile lililokuwa mkononi, akafuta mikono, akaenda kuegemeza sikio kwenye shina. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha mpaka ikawa vigumu kujua kipi ni mti na kipi ni yeye. Juu, jirani mwenye redio alikuwa ameshafika barazani na kupiga hodi.

"Karibuni," mkewe mwalimu alisema. "Mko wangapi?"

"Sote," jirani alijibu.

Wakapanda. Walipanda mashangazi na viatu vyao mkononi, walipanda wajomba, wakapanda mashemeji, na kila shemeji alipokanyaga kipandio cha mwisho watu walimshangilia kwa kuwa ngazi ilikuwa imemvumilia. Redio ilifunguliwa mpaka mwisho. Sakafu ilidunda, majani yakadunda, kwaju zikawaangukia vichwani waliobaki chini. Mwalimu aliweka alama kwenye kitabu chake, akamwomba shangazi mmoja wacheze, akacheza vibaya sana na kwa moyo wote. Watu hawakuwa na mbavu.

"Ubao wa karibu na bafu unalia!" msanifu alipaza sauti kutoka chini.

"Nimeusikia!" Randa alijibu. Wachezaji walisimama, randa ikapita pale ubao ulipokuwa ukisuguana na mwenzake, harufu ya mbao ikashuka mpaka bombani. Muziki ukaendelea. Ubao ukanyamaza.

Hatimaye redio ilizimwa na watu wakashuka, wakabaki wageni wawili. Mama wa msanifu alikuja, amevaa gauni lake la kutokea. Hakutaka kushikwa mkono. Alipanda kipandio kimoja, akapumzika, akakisifia, akapanda kingine. Mkewe mwalimu alimwekea kiti barazani, lakini mama alikipita. Akaizunguka sakafu akigusa kuta, akachungulia bafu, akafungua maji ya moto na kuyafunga, akasimama katikati. Akaruka.

"Inabeba," alisema.

Msanifu alilia na kucheka kwa pamoja, uso kwenye gome la mti, wala hakujali nani anamwona. Alikuwa na furaha ambayo kwa wiki nzima alikuwa ameshajizoeza kuikosa.

Mama sasa alikubali kiti, na chai. Kutoka barazani aliweza kuona ng'ambo ya ukuta, ndani ya hoteli, kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ni bustani tu," alisema. "Kwa ulinzi ule nilidhani wamefuga simba."

Jua lilipoanza kuteremka mkwaju ulitoa mizizi topeni. Mama hakuinuka kitini. Msanifu alitembea pembeni ya mti, akivuka barabara nao, na huko juu alimsikia mama yake akimsimulia mwalimu jinsi binti yake alivyokuwa akipanda kabati kabla hajajua kusema. Walipofika ukutani mti ulisimama, na mlinzi akatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Utashukia hapa."

"Mimi nimekuja na mti."

"Mti ni wa hoteli, mama."

"Nyumba kachora mwanangu."

"Najua. Hongera sana. Nipe mkono."

Mkwaju ulipiga magoti mpaka baraza likawa sawa na ardhi, maana ngazi ya mama ilikuwa imeshatumika. Akateremka kama anayetoka kwenye mkeka, akawaaga wageni, akachuma kwaju mbili za njiani. Mti ukavuka ukuta na kurudi mahali pake.

Jumatatu meneja alimwita msanifu. Alikwenda amejikaza kisabuni, akijua kazi imeota mbawa. Biskuti safari hii zilikuwa za chokoleti.

"Mwalimu anasema hajawahi kupumzika vile maishani mwake," meneja alisema. "Ameomba wiki nyingine. Na wengine wanaulizia. Itakuwa kila Jumapili: mti unatoka, mti unarudi. Tatizo ni vigae vya ukuta. Nakuomba unichoree geti jipya, pana, mti upite na matawi yake yote."

"Na ndugu zetu je?"

"Huko nje wacheze wanavyotaka, dada yangu. Wageni wanawapenda mno." Alionekana kufurahi kwa dhati. "Lakini getini, hilo tulishaongea."

Msanifu alichora geti. Alilichora vizuri, kwa sababu hakujua kuchora vibaya, na kwa sababu kila Jumapili mti ungemfikia mama yake. Randa alilitengeneza kwa mbao ngumu, milango miwili mirefu yenye bawaba nzito zilizopakwa mafuta, pana kiasi kwamba malori mawili yangeweza kupishana na madereva wakasalimiana.

Jumapili ya kwanza ya geti jipya, mkwaju ulikwenda bombani, ukakanyagwa, ukapiga magoti bila kuombwa ili mama apande na baadaye ashuke. Walirudi naye mpaka getini, yeye barazani akicheka na wageni wapya, msanifu chini akitembea kwa miguu. Milango ilifunguka yote miwili. Mama aliteremka, akasimama nje, akalitazama geti kutoka chini mpaka juu, akalipigapiga kwa kiganja.

"Hili pia umechora wewe?"

"Mimi, mama."

"Zuri sana," mama alisema. Furaha yake ilikuwa ya kweli. "Pana."

Mti ulipita, haukugusa popote.

"Mama, rudi nyuma kidogo," mlinzi alisema kwa adabu, "lisije likakubana."

Mama akarudi nyuma, na geti likafungwa bila kulia hata kidogo, kama lilivyochorwa.